Aiskrimu ya Mama Jacinta

"Hiyo simu utaishika ama niitupe nje?" Katee aliuliza kutoka jikoni.

Ndulu alikuwa amejilaza kwenye kochi la dada yake, Kajiado mjini, saa nne asubuhi, na nguo za jana. Simu ilikuwa kifuani pake, inatetemeka. Jina kwenye kioo lilikuwa lile lile: Khisa. Mume wake. Siku tisa zilikuwa zimepita tangu Ndulu atoke nyumbani kwao Kitengela na begi moja, na kwa siku hizo zote hakuwa amepokea simu yake hata mara moja.

Ilinyamaza. Ikaanza tena. Mara ya tano akaishika.

"Ndulu, tafadhali usikate," Khisa alisema haraka haraka. "Sikupigii mambo yetu. Ni Mama."

"Mama amefanya nini?"

"Amekataa kula. Leo ni siku ya pili. Nimempa uji, anatema. Nimempa supu, anatema. Nikaenda supamaketi nikamnunulia aiskrimu, ameonja kijiko kimoja akatoa machozi."

"Ulinunua ya nini?"

"Ya... ilikuwa imeandikwa pasheni."

Ndulu alifumba macho.

"Khisa. Koo la mamako limechomwa na mionzi wiki sita. Unampa pasheni?"

"Sikujua."

"Eeh. Hukujua."

Alimsikia akifunga mlango.

"Anataka ile yako ya ndizi," Khisa alisema. "Nimejaribu kutengeneza mwenyewe. Imekuwa jiwe. Hata kijiko hakiingii."

"Nitakupigia," Ndulu alisema, akakata.

Katee alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alikuwa mwalimu, na shule zilikuwa zimefungwa, kwa hivyo siku nzima kazi yake ilikuwa kumlinda mdogo wake.

"Usiniambie unaenda."

"Mama hajala siku mbili."

"Ako na mtoto. Mtoto mwenyewe ako na mikono miwili na miguu miwili. Ndulu, ulikuja hapa ukalala siku tatu mfululizo. Siku tatu! Nilikuwa nakuwekea mkono kwa pua nijue kama unapumua. Sasa unataka kurudi wakumalize?"

Simu ikalia mlio mfupi. Ujumbe. Haukutoka kwa Khisa. Ulitoka kwa Mama Jacinta, mama mkwe wake, ambaye tangu ugonjwa umnyang'anye sauti alikuwa akizungumza kwa kuandika tu.

"Mwanangu usihangaike. Usije. Mimi nimeshiba. Lala upumzike."

Ndulu aliusoma mara mbili. Akaketi. Akaanza kutafuta viatu.

"Amesema nini?" Katee aliuliza.

"Amesema nisije."

"Si basi!"

"Dada," Ndulu alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka hata kubishana, "mtu mwenye hajala siku mbili anakwambia ameshiba. Wewe ungefanya nini?"

Katee aliutazama ule mwiko kana kwamba ndio umemkosea. Akarudi jikoni.

Sasa, ili uelewe kwa nini aiskrimu ilikuwa jambo la kufa na kupona katika nyumba hiyo, inabidi nikurudishe nyuma kidogo.

Mama Jacinta alitoka Kimilili mwezi wa pili akiwa na kidonda cha koo kisichopona. Vipimo vikaonyesha saratani. Daktari akasema mionzi, siku tano kwa wiki, wiki sita, katika hospitali moja Nairobi. Khisa alikuwa ajenti wa kupitisha mizigo kule mpakani Namanga, anarudi Kitengela wikendi. Ndulu alikuwa na duka la kushona nguo mtaa wa Noonkopir. Hakuna aliyeketi chini akaamua nani atamuuguza Mama. Ilitokea tu. Ndulu akafunga duka "kwa wiki chache", na kila alfajiri akamshika mama mkwe wake mkono wakaenda Nairobi, na kila mchana wakarudi.

Wiki ya tatu koo la Mama lilijifunga. Uji ulimkata kama wembe. Maji yenyewe alimeza akiwa amekunja uso. Alikuwa anapungua Ndulu akimtazama. Ndipo muuguzi mmoja alipomwambia, "Jaribu vitu baridi na laini. Aiskrimu. Lakini isiwe na matunda makali, na isiwe na vipande vya barafu."

Ndulu hakuwa amewahi kutengeneza aiskrimu maishani. Hakuwa na mashine. Alikuwa na friji ya kawaida, sufuria na uma. Aliharibu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ya nne Mama alimeza vijiko vinne, akamshika mkono, hakuuachilia kwa muda mrefu. Kuanzia siku hiyo Ndulu alitengeneza kila siku.

Na Khisa? Khisa alikuwa anapiga simu. "Malori yamekwama mpakani." "Bosi amekataa kuniachilia." "Wikendi hii pia siwezi, mpenzi, si unajua kazi." Wikendi ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Wikendi ya nne ilipokaribia, Ndulu alimwomba jirani, Dolphine, akae na Mama siku moja ya sikukuu ambayo hospitali haikuwa na mionzi. Akapanda gari hadi Namanga. Njia nzima alikuwa anapanga maneno atakayomwambia huyo mwanamke. Alikuwa na hakika kuna mwanamke.

Alibisha. Khisa akafungua akiwa amevaa vesti na bukta. Chumba kilikuwa kisafi. Televisheni ilikuwa inaonyesha mpira. Kwenye meza kulikuwa na sahani moja, chapati mbili, kikombe kimoja cha chai.

Ndulu aliingia, akavuta pazia la kitanda. Hakuna mtu. Akafungua mlango wa bafu. Hakuna mtu.

"Malori yako wapi?" aliuliza.

Khisa alichukua rimoti, akapunguza sauti ya mpira.

"Leo uko kazi?"

"Leo niko off."

"Na Jumamosi iliyopita?"

Khisa aliangalia chini. "Pia nilikuwa off."

"Na ile ya kabla?"

Ndulu aliitazama ile sahani moja na kile kikombe kimoja, akahisi kitu ndani yake kinazimika. Hakupiga kelele. Hakulia. Alirudi Kitengela siku hiyo hiyo, akamuuguza Mama siku mbili zaidi hadi ile mionzi ya mwisho, na Jumamosi Khisa alipofika akikimbia, uso umemshuka, Ndulu alimkabidhi funguo, karatasi za hospitali na dawa, akamwambia, "Huyu ni mamako." Akatoka.

Hizo ndizo siku tisa.

Alifika Kitengela saa saba mchana. Khisa alimfungulia mlango. Alikuwa hajanyoa. Fulana yake ilikuwa na doa la maziwa begani.

"Asante kwa kuja."

"Sijakuja kwako."

Alipita moja kwa moja hadi chumba cha Mama. Mama Jacinta alikuwa ameketi kitandani, amejifunga leso kichwani, mabega yake membamba kama ya msichana. Alipomwona Ndulu alijaribu kukasirika. Alimnyooshea kidole, akakitikisa: si nilikwambia usije? Halafu akafunika uso na ncha ya leso.

"Usilie, Mama. Ukilia koo litauma zaidi," Ndulu alisema. "Ngoja nikutengenezee."

Jikoni alikuta mkebe kwenye friza. Aliugonga mezani. Ulilia ko, ko.

"Hii ndiyo yako?"

"Ndiyo hiyo," Khisa alisema kutoka mlangoni.

"Ulitumia nini?"

"Maziwa, sukari, ndizi. Nikachanganya nikaweka kwa friza."

"Uliikoroga mara ngapi?"

"Niliikoroga nikichanganya."

"Baada ya kuweka kwa friza, Khisa. Uliitoa ukaikoroga mara ngapi?"

"Kwani inatolewa?"

Ndulu alivua sweta, akanawa mikono.

"Simama hapo uone. Sitarudia."

Akachemsha maziwa, akayaacha kwenye moto mdogo yakapungua hadi nusu, anakoroga yasishike chini. Akatenga viini vya mayai manne, akavipiga na sukari, akamwaga maziwa moto kidogo kidogo huku akikoroga.

"Ukimwaga yote mara moja mayai yanaiva yanakuwa vipande. Mama hawezi kumeza vipande. Sasa rudisha kwa moto. Ikianza kushika mwiko, toa. Usingoje ichemke."

"Sawa."

"Ndizi iwe imeiva sana, hii yenye madoadoa. Ponda, chuja. Krimu hii weka mwisho, ikipoa. Halafu kwa friza. Baada ya saa moja unatoa, unakoroga kwa nguvu na uma, unavunja ile barafu ya pembeni. Unarudisha. Saa ingine, hivyo hivyo. Mara nne. Ukiruka mara moja, inafanya chembe za barafu, na hizo chembe kwa koo lake ni kama mchanga wenye chupa."

Khisa alihesabu kichwani. "Hiyo ni karibu siku nzima."

"Eeh."

"Na hii umekuwa ukifanya kila siku?"

Ndulu alikuwa anaosha uma. Hakugeuka.

"Asubuhi hospitali. Tukirudi saa saba, naanza. Saa kumi na mbili anakula. Halafu nafua."

Khisa alichukua kitambaa, akaanza kupanguza meza.

Jioni ile Mama Jacinta alimeza vijiko kumi na moja. Alipomaliza alichukua simu, akaandika kwa kidole kimoja, polepole. Simu ya Ndulu ikalia.

"Hii ndiyo chakula. Ile ya Khisa ungeweza kujengea nyumba."

Ndulu alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kikatoka na uchovu wote wa miezi ile, hata mwenyewe akashangaa. Khisa, aliyekuwa amesimama kwenye kona, alijua anachekwa, akafurahi kuchekwa.

Kabla ya kuondoka, Ndulu alimwita sebuleni.

"Nitakuja siku tatu. Nafika saa tatu, naondoka saa kumi na mbili na nusu. Nakufundisha hadi ujue. Siku ya nne unabaki na mamako."

"Ndulu, si ungelala tu hapa? Ni kwako."

"Siku tatu," Ndulu alisema.

Siku ya kwanza Khisa alimwaga maziwa yote mara moja, mayai yakaiva. Wakaanza upya. Siku ya pili alifanya vizuri, ila aliketi "dakika mbili" akasinzia, akaruka saa moja. Mama alionja, akasukuma bakuli taratibu, akaandika: "Ina mchanga." Khisa aliketi kwenye kiti cha jikoni, kichwa mikononi.

"Unachoka hivi na ni siku ya pili," Ndulu alisema. Hakusema kwa ukali. Alikuwa anaona tu.

"Wewe ulifanyaje?"

"Sikuwa na mtu wa kumuuliza hivyo."

Siku ya tatu stima ilipotea saa tano asubuhi, mchanganyiko ukiwa umeingia friza tu. Wakangoja nusu saa. Wakangoja saa nzima. Dolphine akapita dirishani akasema transfoma ya mtaa imelipuka, labda irudi kesho.

"Mama atakula nini?" Khisa aliuliza. Kwa mara ya kwanza Ndulu alisikia hofu halisi kwenye sauti yake.

"Nenda pale kwa muuza samaki ako na jenereta. Lete barafu, ndoo nzima. Na chumvi, ile ya mawe. Kilo mbili."

"Chumvi? Kwa aiskrimu?"

"Khisa, enda."

Alirudi anatoa jasho. Ndulu aliweka beseni sakafuni, akapanga barafu, akanyunyiza chumvi, barafu tena, chumvi tena. Katikati akaweka sufuria ndogo yenye mchanganyiko, imefunikwa vizuri.

"Chumvi inafanya barafu iwe kali zaidi ya friza. Sasa keti. Shika masikio ya sufuria. Zungusha. Kila dakika kumi fungua, kwangua pembeni, funika, zungusha."

"Hadi lini?"

"Hadi ishike."

Khisa aliketi sakafuni, miguu huku na huku ya beseni, akaanza kuzungusha. Ndulu alivuta kiti, akaketi, mikono mapajani. Hakumsaidia. Dakika ishirini zilipita. Vidole vya Khisa viligeuka vyekundu, halafu vikapauka. Akavipuliza, akaendelea.

"Si uniulize tu," alisema hatimaye.

"Nikuulize nini?"

"Kwa nini nilikaa Namanga."

"Sina nguvu ya kuuliza, Khisa. Ukitaka kusema, sema."

Aliendelea kuzungusha. Barafu ilikuwa inakwaruza beseni.

"Baba alipougua nilikuwa darasa la saba. Ilikuwa pia hapa, kooni. Mama alikuwa shambani mchana, ndugu zangu walikuwa wadogo. Mimi ndio nilikuwa nampanguza mdomo. Miezi minne. Ile harufu, Ndulu... Siku ile nilikuja Machi, nikaingia kwa chumba cha Mama, nikaisikia tena. Ile ile. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya tangi. Nikasema nitarudi Jumamosi ijayo nikiwa na nguvu. Jumamosi ikafika sina. Ingine ikafika, sina. Halafu nikaona haya kwa sababu nilikuwa nimedanganya, nikadanganya tena ndio isijulikane nilidanganya."

"Hukuwahi kuniambia habari ya babako."

"Sijawahi kuambia mtu."

Ndulu alisogeza kiti karibu na beseni.

"Pole," alisema. Na alimaanisha. "Lakini sasa nisikize. Siku ile Namanga, nilikuja nikitafuta mwanamke. Nilikuwa nimejitayarisha. Ningemtukana, ningekutukana, ningelia, watu wangekuja kuamua. Ningekupata na mwanamke ningejua la kusema. Nikakupata na chapati. Umekaa, umepumzika. Na mimi hapa nilikuwa nalala nimekaa, Khisa, kwa sababu Mama akilala chali anasongwa. Ungesema tu, 'Ndulu, naogopa.' Ningekwambia naogopa pia. Tungeogopa wote wawili."

"Mama pia aliniandikia nisije," Khisa alisema kwa sauti ndogo. "Kila wiki. 'Usije, niko sawa, fanya kazi.'"

"Hata mimi aliniandikia nisije. Juzi tu. Na nimekuja."

Mikono ya Khisa ilisimama. Machozi yalimshuka, hakuyapanguza, maana vidole vyake havikuwa vinasikia kitu.

"Usisimame," Ndulu alisema. "Itashika upande mmoja."

Akazungusha.

Simu mbili zililia kwa pamoja, ya Ndulu mezani na ya Khisa mfukoni. Ndulu alichukua yake.

"Mnaongea kwa nguvu. Mimi nimepoteza sauti sijapoteza masikio."

Wote wakageuka kuangalia mlango wa chumba cha Mama. Ulikuwa wazi kidogo. Ujumbe wa pili ukaingia, baada ya muda mrefu, na Ndulu akausoma kwa sauti kwa sababu Khisa hakuweza kushika simu.

"Khisa nilikwambia usije kwa sababu niliona haya mwanangu anione nikitema mate kwa kopo. Ndulu sikumwonea haya. Nikajiambia huyu ni wangu. Kumbe nilikuwa namchosha kama punda. Hiyo makosa ni yangu. Ndulu nisamehe mama."

Neno la mwisho lilimshinda Ndulu. Alijua Mama Jacinta hakuwa amekosea kuandika. Kwa Kibukusu chao au kwa Kiswahili, alikuwa amemwita yeye, Ndulu, mama.

Aliweka simu chini. Alienda chumbani, akapiga magoti karibu na kitanda, akaweka kichwa kwenye mapaja ya yule mzee. Mama Jacinta alimpapasa nywele. Hakuna aliyeweza kuongea, mmoja kwa ugonjwa na mwingine kwa kulia. Jikoni sufuria iliendelea kukwaruza barafu.

Ilishika saa nane na nusu. Khisa aliileta mwenyewe kwenye bakuli. Mama alionja. Akangoja. Akameza. Akachukua kijiko kingine bila kuambiwa.

"Ni laini?" Khisa aliuliza.

Mama alimwonyesha dole gumba. Khisa aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akashika kijiko, akaanza kumlisha. Mate yalipomtoka Mama pembeni ya mdomo, Ndulu aliona bega la mume wake likikaza. Akaona pia akichukua kitambaa, akampanguza, polepole, hadi kidevuni. Hakukimbia.

Saa kumi na mbili na nusu Ndulu alichukua mkoba wake. Khisa alimsindikiza hadi getini.

"Siku tatu zimeisha," Khisa alisema.

"Zimeisha."

"Ijumaa Mama ako na kliniki Nairobi. Nitampeleka mimi. Nimemwambia bosi nachukua likizo mwezi mzima, akikataa nitafute kazi ingine." Akashika geti. "Ndulu, sitakuomba urudi. Nikikuomba utafikiri ni kwa sababu ya kazi ya nyumba. Niambie tu unataka nini. Chochote."

Ndulu alifikiria. Alitafuta ndani yake hasira, akakuta imebaki kidogo. Alitafuta mapenzi, akayakuta pia, yamelala mahali, yamechoka kama yeye.

"Nataka kulala," alisema. "Kwa kitanda changu. Mchana. Nyumba ikiwa kimya, na mtu mwingine akijua dawa ni saa ngapi."

"Ijumaa nyumba itakuwa tupu," Khisa alisema, akamrudishia funguo zake.

Ijumaa alifika saa mbili. Walikuwa wameshaondoka. Kwenye friza kulikuwa na mkebe wa aiskrimu, umekorogwa vizuri. Nguo zilikuwa zimefuliwa, zimeanikwa vibaya lakini zimeanikwa. Ndulu alivua viatu, akaingia chumbani kwao, akavuta pazia. Alijiambia atapumzika kidogo tu.

Aliamka mwanga wa jua ukiwa umehamia ukuta wa pili. Hakujua ni saa ngapi. Alipofungua mlango alimkuta Khisa ameketi sakafuni kwenye korido, mgongo ukutani, bado amevaa shati la kutoka.

"Umekaa hapo tangu saa ngapi?"

"Saa nane."

"Saa hii ni saa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kwa nini hukuniamsha?"

"Ulikuwa umelala," Khisa alisema, kana kwamba hakuna jibu lingine duniani. "Dolphine alikuja kuomba ungo, nikamwambia aje kesho. Na wale wa juu walikuwa wanapiga muziki, nimepanda nikawaomba."

"Na Mama?"

"Amelala pia. Daktari ameangalia koo, amesema linapona vizuri. Amesema Jumatatu tujaribu uji mwepesi." Akainua uso. "Na amesema kitu. Mama. Tukitoka kwa daktari. Sio kuandika, Ndulu. Amesema kwa mdomo. Sauti imekwaruza lakini nimeisikia."

"Amesema nini?"

"Amesema, 'Twende nyumbani.'"

Ndulu aliegemea mlango. Kisha akateremka taratibu hadi chini, akaketi upande wa pili wa korido, miguu yao ikagusana. Walikaa hivyo. Khisa hakumshika. Alingoja.

Baada ya muda Ndulu alitoa simu akampigia dada yake.

"Katee, Jumamosi ukikuja huku Kitengela, nibebee nguo zangu."

"Zote?" Katee aliuliza. Hakukuwa na ugomvi kwenye sauti yake, ni wasiwasi tu.

Ndulu alimwangalia mume wake. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Vidole vyake bado vilikuwa vimebabuka kwa ile chumvi.

"Leta nusu," alisema.

Khisa alisikia. Akatikisa kichwa kukubali, akainuka polepole, akaenda kuangalia kama Mama ameamka.